Gari la Mkwe Linachemsha

Mara ya nne kiangazi hicho, gari la Kubat lilirudi gereji likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori la makaa ya mawe. Fundi Sagynbai alilisikia kabla hajaliona, maana dereva wa lori alipiga honi tangu kwenye daraja, ile honi ya kumwambia mtu njoo uchukue mzigo wako. Sagynbai alikuwa amelala chali chini ya gari la mtu mwingine. Hakutoka. Alibaki pale pale akitazama tumbo la gari lile, oili ikimdondokea mkononi, akawaza kwamba kama angetokea mtu wa kumwambia alale hapo hapo mpaka theluji ianguke, angemshukuru sana.

Kubat ndiye mume wa Sairagul, na Sairagul ndiye mtoto pekee wa Sagynbai. Gari lenyewe ni la Kijerumani, kuukuu, rangi ya samli. Sagynbai ndiye aliyelinunua, akalipiga msasa na kulipaka rangi kwa mikono yake, akampa binti yake siku ya kuolewa ili asiende kwa wakwe mikono mitupu. Miaka saba sasa. Kubat hulitumia kubeba abiria na madumu ya maziwa ya farasi kutoka bonde la Suusamyr, ng'ambo ya mlima, mpaka mjini Kara-Balta. Hiyo ndiyo kazi yake na hana nyingine. Na kila kiangazi, likifika kwenye zile kona za juu karibu na handaki, linachemsha.

Gereji ya Sagynbai ni ya mwisho kabla barabara haijaanza kupanda. Ukishaipita, mbele yako ni mlima wa Too-Ashuu tu, na mlima huo ndio uliomlisha miaka yote. Magari hupanda, huchemsha, hurudishwa. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa kwenye karakana ya malori ya serikali, enzi zile za Wasovieti, chini ya fundi mkali aliyeitwa Duishen, mtu wa kukuonyesha kitu mara moja tu, na usipokishika shauri yako. Duishen alikuwa na sheria moja kuhusu mlima: lori halipandi likiwa na thamostati. Thamostati ni kilango kidogo cha shaba, ukubwa wa yai, kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi kinafunga, yakipata moto kinafunguka yaende kwenye rejeta yakapoe. Duishen alikiita kizibo. Koo lina haja gani ya kizibo, alikuwa akisema, toa, tupa, maji yapite. Na malori yale yalikubali. Yalipanda yakashuka, hakuna lililolalamika.

Basi Sagynbai akaishika sheria hiyo kama alivyoyashika majina ya babu zake saba. Serikali ikaanguka, karakana ikafungwa, malori yakauzwa kwa uzito wa chuma, yakaja magari madogo ya mitumba kutoka Ujerumani, na yeye akaendelea kutoa kizibo. Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, watu hupanga foleni mbele ya gereji kabla ya msimu wa kupeleka mifugo malishoni. Fundi, nitolee na mimi kile kidude. Kazi ya dakika kumi, spana moja, mpira wa maji unarudi mahali pake, kidude kinarukia kwenye rundo la vyuma chakavu. Bonde zima kuna madereva wanaoapa kwa mkono wa Sagynbai. Gari la binti yake nalo hakulisahau. Alilitoa kizibo wiki moja kabla ya harusi, akijisikia amefanya jambo la baba.

Sasa gari hilo lilikuwa limemmaliza. Mwanzo alisema ni rejeta, akaizibua kwa tindikali. Kisha akaweka rejeta nyingine kabisa. Kisha pampu ya maji. Mwaka jana alifungua injini, akabadilisha gasketi ya silinda hedi, kazi ya siku tatu iliyomwacha hawezi hata kuinama kufunga kamba za viatu. Likiwa tambarare gari limetulia, unaweza kumlaza mtoto humo. Likipanda, linachemsha. Majira ya baridi nayo lina kisirani chake kingine: hita inapuliza upepo wa friji, Sairagul anawafunga watoto kwa mablanketi kama vifurushi, na baba yake akiulizwa anasema ni hita tu, ataitazama akipata nafasi. Nafasi yenyewe hajaipata.

Haya, fundi akishabadilisha kila kitu na gari bado linachemsha, kosa linabaki kwa nani? Kwa dereva. Na Sagynbai, kwa jinsi alivyo, hakulisema hilo faraghani. Alilisema mwezi wa nne kwenye karamu nyumbani kwa wazazi wa Kubat, Suusamyr, watu arobaini wamekaa, nyama imeshaletwa. Alisema gari alilitoa likiwa zima kabisa. Kama linapikwa, mpishi ni huyu anayekanyaga mafuta kana kwamba anafukuzwa na mbwa mwitu. Watu walicheka hadi kufuta machozi. Kubat naye alicheka, macho yake yakiwa kwenye kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni.

Mkwe hamjibu baba wa mkewe. Hilo halina mjadala, na Kubat alikuwa mkwe wa mfano. Hata siku hiyo ya lori la makaa, alishuka, akamsalimia mzee kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo na kusema limechemsha tena. Sagynbai alimjibu kwamba macho anayo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote. Kubat akadandia lori lingine akarudi kwake.

Adhuhuri, Batma, mke wa fundi, alimwekea mumewe chai na mkate, akakaa mbele yake bila kujimiminia yake. Sagynbai alijua hapo pana neno. Batma akamwambia kwamba Sairagul amepiga simu. Kubat anaondoka Jumatatu kwenda Urusi kwenye kazi za ujenzi, nafasi ameshapata. Kaka zake wawili wako huko huko, na mmoja wao huu ni mwaka wa sita hajaonekana, wanasema ameshaoa tena na ana mtoto. Sairagul amemsihi mumewe asiende. Kubat amesema gari likivuka mlima bila kuchemsha, atabaki. Lisipovuka, abaki ale nini?

"Analia?" Sagynbai aliuliza.

"Halii, baba Saira. Ndicho kilichonitisha."

Sagynbai alisukuma kikombe. Wanawake wa namna hiyo aliwajua, walijaa bonde lote: wana mume kwenye simu, watoto wanamwita baba ile picha ya ukutani, na wao wanazeekea kwenye nyumba ya wakwe wakikamua farasi wa watu. Binti yake mmoja, mmoja tu, na yeye aingie kwenye hesabu hiyo kwa sababu ya gari ambalo baba yake fundi ameshindwa kulitengeneza. Aliona aibu, na juu ya aibu aliona uchovu, na uchovu ndio uliokuwa mzito zaidi. Miaka sitini na tatu. Magoti yanalia akichuchumaa na akisimama. Alikuwa ameshaanza kuota siku ambayo hatagusa spana tena.

Alhamisi nzima hakumpokea mteja. Alilianza gari lile upya, kama vile hajawahi kuliona. Alichomoa kijiti cha oili akakifuta kwenye kitambaa cheupe: oili safi, haina weupe wa maji. Alifungua tanki la maji injini ikiwa inaunguruma, akakodolea macho akitafuta mapovu: hakuna. Feni iliwaka kwa wakati wake. Mkanda umekaza. Kifuniko cha tanki kinabana. Alifungua rejeta akapitisha maji ya bomba, yakatoka upande wa pili kwa nguvu hadi yakamlowesha suruali. Kisha akaliwasha, akakaa kwenye kiti cha dereva saa nzima akitazama geji ya joto. Mshale ulipanda mpaka katikati ukatulia hapo, haukutikisika. Lilikuwa linamdhihaki. Sagynbai aliliambia gari maneno ambayo hayafai kuandikwa, akatoka akaenda kulala mchana, jambo ambalo Batma hakuwahi kuliona.

Ijumaa asubuhi alimwita Kubat wapande wote wawili, na usukani akashika mwenyewe. Hilo nalo lilikuwa kawaida. Sagynbai hajawahi kuendeshwa na Kubat. Wakiwa pamoja, mzee ndiye dereva na mkwe anakaa pembeni na mikono mapajani, hata kama gari ni la mkwe.

Walianza kupanda saa nne. Madirisha yote wazi na hita imewashwa mpaka mwisho, kwenye jua la mwezi wa saba, maana hita huiba moto kidogo wa injini na kila mpanda mlima anajua hivyo. Jasho liliwatiririka kwapani. Sagynbai aliendesha kama anavyojua yeye: gia ya pili, mguu mwepesi, hana haraka, malori yanampita na yeye anayaacha. Alikuwa anampa mkwe somo bila kutamka. Tazama, kijana, hivi ndivyo gari linavyopandishwa. Kubat alikuwa anatazama dirishani.

Kwenye kona ya tatu kabla ya handaki, mshale ukaanza kusogea. Sagynbai alilegeza mguu zaidi. Mshale ukaendelea. Aliliendesha sasa kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza, na mshale haukumjali, ukaenda hadi kwenye nyekundu na kugota. Mvuke ukatoka kwenye boneti. Akaegesha pembeni, akazima, akabaki ameshika usukani. Gari limechemshia mikononi mwake. Hakukanyaga mafuta, hakukimbia, hakukosea hata gia moja. Kwa hiyo si dereva. Miaka saba yote haikuwa dereva.

Wakiwa wamesimama hapo, lori moja likawapita polepole, na dereva wake akatoa kichwa.

"Vipi, Mpishi? Leo chakula gani?"

Kubat alinyanyua mkono na kutabasamu. Lori likaenda zake.

"Mpishi ni nani?" Sagynbai aliuliza.

"Ni mimi, baba. Wananiita hivyo tangu ile karamu."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja saa. Sagynbai alishuka akafungua boneti ili apate mahali pa kuficha uso wake.

Hapo ndipo akafanya kile ambacho fundi yeyote angekifanya siku ya kwanza, ila yeye alijiona anajua mno hata asikifanye. Alisahau yote aliyokwisha kuyabadilisha, akafuata maji kwa mkono. Mpira wa juu, ule unaotoa maji kwenye injini kwenda kwenye rejeta: unaunguza, alitoa mkono haraka. Mpira wa chini, ule unaorudisha: baridi. Baridi ya mto. Akapapasa rejeta kutoka juu kuja chini. Juu moto, chini unaweza kuegemeza shavu. Injini inatokota na rejeta imelala usingizi. Ina maana maji yanayofika kwenye rejeta ni kidogo sana. Rejeta ni nzima, alishaipima jana. Pampu ni mpya. Basi maji yanakwenda wapi?

Walingoja mpaka ikapoa, Kubat akachota maji kwenye kijito akajaza. Sagynbai akamwambia awashe, naye akaingiza mkono pembeni mwa injini, akigusa kila bomba alilolifikia. Kulikuwa na mpira mmoja mfupi, hauzidi kiganja, ambao hajawahi kuutilia maanani. Unatoka kwenye injini na kurudi kwenye injini. Aliushika. Ulikuwa unaunguza na kutetemeka, kama koo la ng'ombe anayekunywa. Maji yote yalikuwa yanapita humo. Yanatoka kwenye moto, yanakata njia ya mkato, yanarudi kwenye moto, wala hayajisumbui kwenda kupoa.

Alichukua koleo la kubana, akauviringishia mpira ule kitambaa, akaubana mpaka ukafa. Wakapanda garini wakaendelea kupanda, gia ya pili ile ile, hita imezimwa sasa. Mshale ulisimama. Kisha, kona iliyofuata, ukaanza kushuka. Walifika mdomoni mwa handaki ukiwa katikati, umetulia kama jana gereji.

Sagynbai akaegesha pale malori yanapopumzikia. Kwa muda mrefu hakuzima injini. Alikuwa anakiona kile kidude akilini, kile kilango cha shaba alichokishika mara elfu. Kina kisahani juu, na kina kisahani kingine chini, kwenye kijiguu. Cha juu kinafungua njia ya rejeta. Na cha chini? Hakuwahi kujiuliza. Malori ya Duishen hayakuwa na kisahani cha chini. Magari ya Kijerumani yanacho, na kazi yake ndiyo hii hii iliyofanywa sasa hivi na koleo: maji yakipata moto, kinaziba njia ya mkato. Ukikitupa kidude, unaiacha njia hiyo wazi daima. Wakati wa baridi maji hayapati moto wa kutosha, ndiyo ile hita ya friji. Wakati wa kupanda hayapoi. Alikuwa amelikata gari koromeo kwa mkono wake, halafu akazunguka miaka saba akilitafutia ugonjwa.

Na hilo ni moja. Mangapi mengine? Foleni zile zote, madereva wale wote waliorudi wamevutwa na kamba, akawaambia hawajui kuendesha, na wao wakaamini kwa sababu aliyesema ni Sagynbai. Alitamani kulala. Kwa kweli alitamani kuweka kichwa kwenye usukani alale hapo hapo, kesho aamkie kwenye mlima wa mtu mwingine.

Kusema kosa mbele ya mkwe si jambo dogo kwa mzee kama yeye.

"Kubat. Gari lako halikuwa na thamostati. Niliitoa mimi kabla ya harusi."

"Najua, baba."

Sagynbai aligeuka akamtazama.

"Unajua nini?"

"Mwaka juzi fundi mmoja wa kwetu alinionyesha. Akaniwekea mpya. Wiki sita nilipanda na kushuka, halikuchemsha hata mara moja. Zile wiki sita ulizokuwa unawaambia watu ni rejeta uliyoweka. Halafu nikaleta gari kwako, tubadilishe mkanda."

Na Sagynbai akakumbuka. Alikumbuka vizuri mno. Siku ile alifungua mpira wa maji kupisha mkanda, akakikuta kidude kipya kinang'aa, akauliza ni punguani gani ameweka kitu hiki, akakichomoa na kukirusha kwenye rundo bila kungoja jibu. Kubat alikuwa amesimama pale pale kando yake, amemshikia taa. Taa haikutikisika.

"Ungesema," Sagynbai alisema, na sauti yake ikamtoka ndogo.

"Ningesemaje? Wewe ni baba wa mke wangu."

"Kwa hiyo ukaona bora uende Urusi?"

Kubat alikuwa anatazama malori yakiingia handakini moja moja.

"Si gari, baba. Nimechoka. Kule nitabeba matofali, lakini nikiwa sahihi nitaweza kusema niko sahihi."

Sagynbai alifungua mlango, akazunguka mbele ya gari, magoti yakimlilia, akaja kusimama upande wa abiria. Akamwambia Kubat asogee, aendeshe yeye. Kubat alidhani mzee anaumwa. Alimuuliza mara mbili. Kisha akasogea, wakaingia handakini, wakatokea upande wa pili kwenye bonde, na Sagynbai akagundua kwamba mkwe wake anaendesha vizuri, vizuri sana, anajua kushuka kwa gia bila kuchosha breki. Miaka saba hajawahi kumtazama akiendesha. Mzee alikaa na mikono mapajani njia nzima.

Nyumbani kwa Mambetaly, baba yake Kubat, mkwe mwenza akifika hata kama hakutarajiwa, kondoo anashikwa na majirani wanaitwa. Haikupita nusu saa chumba kikajaa. Sagynbai akakalishwa pale juu, mbali na mlango, mahali pa heshima. Sairagul alikuwa chini kabisa, karibu na mlango, anamimina chai na kuipitisha. Alimsalimia baba yake, akamtazama usoni, akarudi kwenye chai. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na begi kubwa la safari limeshafungwa, limezungushiwa mkanda. Sagynbai aliliona hilo kabla hajawaona wajukuu zake.

Hakungoja nyama. Aliweka kikombe chini, akasema anaomba wamsikilize. Akawakumbusha yale aliyoyasema mwezi wa nne katika chumba kile kile. Akasema aliyelipika gari ni yeye. Akawaelezea kilango, kwamba alikitupa kwa ujinga, na kwamba mkwe wake alikirudisha na yeye akakitupa mara ya pili, kwa kiburi, na kijana amesimama pale amemshikia taa. Kuna watu mle ndani walioanza kukumbuka magari yao wenyewe, ukiwatazama unaona. Hakuna aliyecheka. Mambetaly alijaribu kumwokoa mgeni wake, akasema mambo ya injini ni mitihani kwa kila mtu, mkwe mwenza anywe chai. Sagynbai akasema atakunywa akimaliza.

Aliendelea na habari ya asubuhi. Alipoanza kueleza jinsi walivyopanda ulimi ulikuwa umeshachangamka, ile tabia yake ya kusimulia ikaanza kurudi. Akasema alilipandisha gari kwa gia ya kwanza, taratibu, na walipofika kona ya nne kabla ya handaki, likachemsha.

"Kona ya tatu, baba," Kubat alisema.

Mambetaly alimgeukia mwanawe kwa jicho ambalo kila mtu aliliona. Birika la Sairagul likabaki hewani.

"Na ilikuwa gia ya pili," Kubat aliongeza. Uso ulikuwa umemwiva, lakini hakushusha macho.

Sagynbai hakupenda. Tuseme ukweli, hakupenda hata kidogo. Tangu Duishen afe, hakuna binadamu aliyemsahihisha mambo ya mlima ule, na sasa anasahihishwa mbele ya chumba kizima, na mkwe. Damu ilimpanda shingoni. Alizihesabu kona moja moja kichwani, akazirudia, na kila alipohesabu zilitoka zile zile.

"Ya tatu," alisema. "Na gia ya pili. Yuko sahihi, mimi nimekosea."

Mtu mmoja akakohoa. Mambetaly akaanza kukata mkate ambao haukuhitaji kukatwa. Sairagul alijaza kikombe alichokuwa amekishika, akakipitisha juu kwa baba yake, halafu akamgeukia mumewe na kumuuliza kwa sauti ya chini, ingawa wote walisikia, lile begi alifanyeje.

Kubat alilitazama begi.

"Toa nguo," alisema.